Pumzi na Presha: Opioidi za Muda Mfupi na Ubongo wa Mgonjwa wa Unguja

Tangu mwaka 2014 hospitali ya Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe, ina jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Ni Taasisi ya NED, iliyojengwa kwa juhudi za wakfu wa NED wa Valencia, Hispania, chini ya daktari bingwa José Piquer. Kabla ya hapo, mgonjwa wa Unguja au Pemba aliyehitaji kufunguliwa fuvu mara nyingi alikuwa hana budi kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, au kusafirishwa India iwapo pesa zilipatikana. Wengi hawakuwahi safari hiyo, kwani ubongo uliojaa damu haungoji boti ya asubuhi. Sasa mtoto wa Makunduchi mwenye kichwa kikubwa, na kijana wa Bububu aliyeanguka na bodaboda, wanaweza kupasuliwa kisiwani mwao.

Sifa hupewa wapasuaji, na wanazistahili. Lakini kabla ya kisu kugusa ngozi, mtaalamu wa usingizi huwa ameshakata shauri zito: ampe mgonjwa dawa gani ya kuzuia maumivu, kiasi gani, na kwa kasi gani, bila ya kuuongezea madhara ubongo ambao tayari umeumia. Dawa ninazozikusudia ni opioidi za muda mfupi: fentanili na ndugu zake alfentanili, sufentanili na remifentanili. Kwa miaka mingi mabingwa wamebishana iwapo dawa hizi hupandisha mgandamizo ndani ya fuvu. Jibu lilipopatikana lilionesha kwamba madhara yake makubwa huufikia ubongo mgonjwa kupitia njia mbili, pumzi na presha. Kwa hospitali ya kisiwani hiyo ni habari njema, maana zote mbili zinapimika na zote mbili zinazuilika.

Fentanili ilitengenezwa mwaka 1960 katika maabara ya Paul Janssen huko Beerse, Ubelgiji. Nguvu yake inakisiwa kuwa karibu mara 100 ya mofini, ndiyo maana hupimwa kwa mikrogramu. Inayeyuka upesi katika mafuta, na kwa kuwa ukuta unaotenganisha damu na ubongo una asili ya mafuta, dawa hupenya mara moja; ikichomwa kwenye mshipa, kilele chake hufika kwa dakika tatu au nne. Sufentanili na alfentanili zilifuata miaka ya 1970. Remifentanili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, ina tabia ya peke yake: huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya damu na misuli, bila ya kuyangoja maini wala figo.

Neno "muda mfupi" linaweza kumponza asiyeangalia. Dozi moja ndogo ya fentanili huisha nguvu upesi kwa sababu damu huisafirisha kutoka kwenye ubongo na kuilaza kwenye misuli na mafuta, wala si kwa sababu mwili umeshaitoa. Ikitolewa tena na tena, hifadhi hizo hujaa kama maji ya bamvua yanavyojaa mikokoni, na dawa ikisitishwa hurudi kwenye damu kidogo kidogo kwa muda mrefu. Baada ya saa nne za kuitia mfululizo, kiwango cha dawa kwenye damu kinaweza kuhitaji zaidi ya saa tatu kupungua kwa nusu. Alfentanili baada ya muda kama huo huhitaji kiasi cha saa moja. Remifentanili huhitaji dakika tatu au nne, iwe imetiwa kwa nusu saa au kwa siku nzima. Kwa hiyo mgonjwa anayepelekwa wodini akiwa macho na anayejibu salamu bado anaweza kuwa na fentanili ya kutosha kumsahaulisha kupumua mara tu kelele na maumivu vikitulia.

Dawa hizi zote hushika vipokezi vile vile vinavyoitwa myu, vilivyotapakaa kwenye uti wa mgongo, shina la ubongo na sehemu za juu za ubongo. Kipokezi kikishikwa, seli ya neva hupoteza potasiamu, milango yake ya kalsiamu hufungwa, na habari ya maumivu haipiti tena. Ubongo wenyewe hupunguza mwendo: mawimbi yake ya umeme huwa mapana na ya polepole, na matumizi yake ya oksijeni hushuka kidogo. Lakini opioidi haimhakikishii mgonjwa usingizi. Mtu anaweza kupewa fentanili nyingi, akanyamaza kimya na presha yake ikawa shwari, huku akisikia mazungumzo ya wanaompasua. Ndiyo maana huchanganywa na gesi ya usingizi au na propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani. Hapo faida yake ni kubwa, kwa vile dozi ya kawaida ya fentanili inaweza kupunguza mahitaji ya gesi kwa karibu nusu. Faida hiyo inagusa moja kwa moja upasuaji wa ubongo. Halotheni, gesi iliyotumika kwa miongo mingi katika hospitali za Afrika Mashariki, hutanua mishipa ya ubongo, na kila asilimia ya gesi inayopunguzwa humpa mpasuaji ubongo uliotulia zaidi.

Sasa tuingie kwenye njia ya kwanza, pumzi.

Ndani ya shina la ubongo kuna kundi dogo la seli zinazopanga mwendo wa kupumua, na jirani yake zipo seli zinazohisi hewa ya kaboni dioksidi inapozidi kwenye damu. Opioidi huzituliza zote. Mtu aliye macho hupumua polepole. Aliyelala anaweza kuacha kabisa. Kaboni dioksidi ikipanda, mishipa ya ubongo hutanuka. Kila milimita moja ya zebaki inayoongezeka huongeza mtiririko wa damu kwenye ubongo kwa asilimia 2 hadi 4. Kiwango cha kawaida ni kati ya milimita 35 na 45. Mgonjwa akiachwa apande kutoka 40 hadi 60, damu inayoingia kichwani inaweza kuzidi kwa nusu na zaidi. Kwa mtu mzima mwenye ubongo mzima hilo halina neno. Kwa aliye na donge la damu au uvimbe, fuvu halina nafasi ya kuipokea damu hiyo, na mgandamizo, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 15, huruka juu ghafla.

Kifaa kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kudanganya hapa, na hili huwaponyoka hata watu wenye uzoefu. Mgonjwa akiwa anapewa oksijeni kwa barakoa, anaweza kupumua mara nne tu kwa dakika na kifaa kikaendelea kuonesha asilimia 98, huku kaboni dioksidi ikijikusanya. Chombo kinachoonesha hatari hiyo ni kapnografu, kinachopima kaboni dioksidi katika kila pumzi inayotoka. Viwango vya kimataifa vya usalama wa usingizi vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la vyama vya wataalamu wa usingizi mwaka 2018 vinasisitiza upimaji wa kaboni dioksidi kwa mgonjwa aliyetiwa mpira wa kupumulia. Kwa upasuaji wa ubongo mimi naona haifai kuanza bila chombo hicho. Kikiwepo, na mashine ikimpumulia mgonjwa sawasawa, njia ya kwanza imefungwa, na fentanili inakuwa dawa salama sana kwa ubongo.

Njia ya pili, presha, ndiyo iliyozusha ubishi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, tafiti kadhaa za Ulaya na Marekani zilionesha kwamba sufentanili na wenzake, wakichomwa kwa mkupuo, hupandisha mgandamizo wa fuvu hata kama mashine inampumulia mgonjwa vizuri. Hofu ikaenea. Wengine wakaamini kwamba dawa hizi hutanua mishipa ya ubongo zenyewe.

Maelezo yalipatikana kwa kuitazama presha. Ubongo una uwezo wa kujirekebishia mtiririko wake: presha ya wastani ikiwa kati ya takriban milimita 60 na 150, mishipa hujibana au hujitanua ili damu inayoingia ibaki ile ile. Mkupuo wa opioidi hushusha presha ya mwili. Mishipa ya ubongo ikihisi presha imeshuka hujitanua kufidia upungufu, damu huzidi ndani ya fuvu, na mgandamizo hupanda. Watafiti walipoizuia presha isishuke, ama kwa kuingiza dawa polepole au kwa kutoa dawa ya kubana mishipa, mgandamizo haukupanda. Kilichokuwa kikiutisha ulimwengu kilikuwa ni ubongo kujitetea dhidi ya presha iliyoshuka.

Matokeo hayo yalibadilisha kazi ya mtaalamu wa usingizi zaidi kuliko ujio wa dawa yoyote mpya. Dawa ile ile, kwa mgonjwa yule yule, inaweza kuwa na madhara au kuwa tiba kulingana na muda uliotumika kuisukuma kwa bomba la sindano. Ikisukumwa kwa sekunde tano, presha huporomoka. Zaidi ya hayo, misuli ya kifua inaweza kukakamaa hata hewa isipite. Ikisukumwa taratibu kwa dakika mbili au tatu, maji ya mshipa yakiwa yameshaingia na efedrini au fenilefrini ya kupandisha presha ikiwa tayari mezani, mgonjwa hatikisiki.

Presha inashuka kwa sababu mbili. Opioidi huamsha kiini cha neva ya vagasi kwenye shina la ubongo, na mapigo ya moyo hupungua. Wakati huo huo hutuliza neva za simpathetiki zinazobana mishipa ya mwili. Misuli ya moyo yenyewe haidhoofishwi sana. Ndiyo maana miaka ya 1970 madaktari wa upasuaji wa moyo waliikimbilia fentanili: iliwawezesha kuwalaza watu wenye mioyo dhaifu bila ya kuwaua. Katika hili fentanili inawazidi wakubwa zake. Mofini na pethidini huweza kutoa histamini mwilini, ngozi ikawasha na presha ikashuka kwa njia nyengine. Pethidini huharakisha moyo, na mabaki yake yakirundikana huleta degedege, jambo lisilotakiwa kabisa kwa mgonjwa wa ubongo. Fentanili haina tabia hiyo ya histamini. Na pale mpira wa kupumulia unapoingizwa kooni, kitendo ambacho bila kinga hurusha presha na mapigo juu kwa nguvu, dozi yake iliyotangulia kwa dakika tatu au nne huizuia dhoruba hiyo.

Wagonjwa wa Unguja, hata hivyo, wanatofautiana sana, na kila kundi lina njia yake ya kuingia hatarini.

Watoto wa vichwa vikubwa vilivyojaa maji na wa mgongo wazi ndio sura ya upasuaji wa ubongo katika kanda yetu. Kule Mbale, Uganda, Benjamin Warf alionesha katika hospitali ya CURE iliyofunguliwa mwaka 2001 kwamba wengi wao wanaweza kusaidiwa kwa kamera ndogo bila ya kuwekewa mpira wa kudumu wa kuyatoa maji ya kichwani. Mtoto ambaye utosi wake haujafunga ana bahati kidogo, kwani fuvu lake linaweza kutanuka na kupunguza mgandamizo. Lakini moyo wake hutegemea sana kasi ya mapigo: mapigo yakipungua, damu inayotoka moyoni hupungua nayo, na fentanili hupunguza mapigo. Isitoshe, mapigo kwenda polepole ni dalili ya hatari ya mgandamizo mkubwa wa ubongo. Mtaalamu anayeona mapigo 80 kwa mtoto wa miezi mitatu lazima ajiulize kama anaona dawa au anaona ubongo ukibanwa. Atropini hurudisha mapigo katika hali zote mbili, ila ni katika hali moja tu tatizo huwa limekwisha. Kisha maji yanapoachiwa kutoka kichwani, presha iliyokuwa imeshikiliwa na mgandamizo inaweza kuanguka ghafla, na dozi kubwa ya opioidi iliyotolewa dakika chache kabla huizidishia kasi ya kuanguka. Maumivu makali ya kuweka mpira huo wa maji huja kwa muda mfupi, pale unapopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Dozi ndogo iliyopangwa kwa wakati huo inatosha. Kwa mtoto mchanga wa siku chache aliyefungwa mgongo wazi, maini yaliyo machanga huitoa fentanili polepole, na pumzi yake inaweza kusimama saa kadhaa baadaye. Huyo anahitaji mtu wa kumkodolea macho usiku kucha.

Kundi la pili ni vijana wa pikipiki. Uchunguzi mkubwa wa majeruhi wa kichwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionesha kwamba namba ya juu ya presha kushuka chini ya 90 hata mara moja iliambatana na vifo karibu mara mbili. Mtu aliyeanguka barabara ya Mahonda akiwa na damu tumboni na jeraha kichwani ana presha inayoshikiliwa na neva za simpathetiki peke yake. Fentanili huzilegeza neva hizo. Kuna mtego mwengine: opioidi hufinya mboni za macho, na mboni ni katika vitu vichache vinavyomwambia daktari kwamba donge la damu linakua. Aliyepewa dawa hizi njiani au wodini bila ya kuandikwa kwenye cheti humnyima daktari anayempokea habari muhimu mno. Wino wa kuandika saa na kiasi hauna gharama.

Watu wazima wenye presha ya kupanda, maradhi yaliyoenea sana visiwani, wana ubongo uliozoea presha ya juu. Kile kipimo cha 60 hadi 150 kwao kimesogea juu, kwa hiyo presha ya wastani ya 65, inayomtosha kijana, inaweza kumletea mzee wa Malindi kiharusi mezani. Kwake dozi hugawanywa na presha hulindwa karibu na ile aliyokuja nayo.

Kisha kuna wale ambao jamii huwataja kwa kunong'ona. Heroini, au unga, iliingia Zanzibar kwa kasi tangu miaka ya 1980 na kuziumiza nyumba nyingi za Ng'ambo na Mji Mkongwe. Tiba ya methadoni, opioidi inayotolewa badala ya heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Mtu anayetumia unga au methadoni ana vipokezi vilivyozoea opioidi. Dozi ya kawaida ya fentanili haimtulizi. Hupata maumivu kamili, mapigo yake hukimbia, na presha yake hupanda ndani ya ubongo usioitaka. Anayefanya kosa la kumkatia methadoni siku ya upasuaji humwongezea dhiki ya kukosa dawa juu ya dhiki ya kisu. Na aliyeacha unga miezi kadhaa iliyopita ni kinyume chake: mazoea yameondoka, na dozi kubwa inaweza kumuua. Nalokisoni, dawa inayozima opioidi, hurudisha pumzi, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko opioidi nyingi, na ikitolewa kwa pupa hurusha presha juu. Taarifa za watu hawa hupotea kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo huletwa na namna tunavyowatazama wanapofika mapokezi.

Remifentanili huvutia sana kwa upasuaji wa ubongo. Ikizimwa, mgonjwa huamka baada ya dakika chache, hufuata amri, na mpasuaji hujua papo hapo kama mkono wa kulia unasogea. Naielewa hamu ya kuitaka. Lakini dawa hiyo haina maana bila ya pampu ya umeme inayoiingiza kwa kipimo, tena pampu yenye betri nzuri na mtu anayeijua. Zanzibar inapata umeme wake mwingi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Kuanzia Mei 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hospitali ina majenereta, bila shaka. Pampu ya remifentanili ikikatika, hata hivyo, kinga yote ya maumivu hutoweka ndani ya dakika kumi fuvu likiwa wazi, na mgonjwa anaweza kujitikisa kwenye vibano vya chuma. Hata mambo yakienda vizuri, maumivu hurudi kwa ukali mara dawa ikizimwa, na baadhi ya wagonjwa huyahisi zaidi ya wale ambao hawakuipata. Mofini ya kutuliza maumivu ya baadaye lazima iwe imeshatolewa kabla ya kuizima. Fentanili iliyopimwa kwa uangalifu na kusimamishwa mapema, yapata saa moja kabla ya kushona ngozi, hutoa matokeo yanayokaribiana kwa gharama ndogo zaidi.

Ketamini, dawa ya usingizi isiyo opioidi, nayo haifai kusahauliwa. Tangu miaka ya 1970 ilipigwa marufuku kwa wagonjwa wa kichwa kwa madai kwamba hupandisha mgandamizo. Tafiti za baadaye kwa wagonjwa wanaopumuliwa na mashine hazikuunga mkono hofu hiyo. Kwa majeruhi anayevuja damu, ketamini huishikilia presha ambayo fentanili ingeiachia. Mchanganyiko wa viwango vidogo vya zote mbili mara nyingi ni uamuzi wa busara kuliko kung'ang'ania moja.

Kwa hiyo fedha za usingizi zikipatikana Unguja, hukumu yangu ni kwamba zitangulie kwenye kapnografu kwa kila meza ya upasuaji, kipimo cha presha kinachojirudia chenyewe, dawa za kupandisha presha zisizokatika ghalani, na wauguzi wa chumba cha kuamkia wanaokaa na mgonjwa hadi pumzi yake iwe ya kuaminika. Remifentanili ingoje zamu yake.

Na wewe msomaji, ikiwa wewe au mtu wako atapelekwa kupasuliwa, mwambieni mtaalamu wa usingizi mambo manne bila ya kuficha: presha ya kawaida ya mgonjwa ni ngapi, anameza dawa gani, amewahi kutumia unga au yuko kwenye methadoni, na kama hukoroma sana au pumzi humkatika usingizini. Msimfiche; kama mama mkwe yupo chumbani, ombeni faragha. Dozi atakayochagua inategemea majibu hayo.